Karani wa Kibiti aliyeikana ripoti yake mwenyewe

Saa nne kasoro robo asubuhi, katika chumba cha nyuma cha zahanati ya Mtunda, Mwanaamina Mketo amekaa kwenye benchi, mikono ameikunja mapajani. Mbele yake kuna kompyuta moja inayotumia umeme wa jua, na mbele ya kompyuta hiyo amekaa Mzee Mrisho Ngaukia, karani wa sajili, miaka 58, miwani kaifunga kwa uzi.

Mwanaamina haigusi kompyuta. Ametoka Kibiti mjini asubuhi hii kuja kumsikiliza anayeitumia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Za Kibiti?"

"Njema. Za hapa?"

"Njema tu."

"Na hilo toleo jipya, linakwendaje?"

"Zuri. Zuri sana. Wameweza."

Mtu mwingine angeandika "zuri sana", akafunga daftari na kuwahi gari la kurudi. Mwanaamina anafungua chupa ya chai aliyokuja nayo, anammiminia mzee, anajimiminia na yeye. Anauliza habari za mpunga. Anauliza habari za nguruwe pori, ambao mwaka huu, kwa maelezo ya Mzee Mrisho, wana adabu mbovu kuliko mwaka jana. Chai inafika nusu ya kikombe.

"Lakini," anasema Mzee Mrisho, "nikuoneshe kitu hapa, mwanangu. Nikimwandika mtoto mchanga, hii inanidai jina. Mtoto wa siku mbili hajapewa jina. Nami siwezi kumzulia."

Hapo ndipo Mwanaamina anaposhika kalamu.

Hiyo ndiyo kazi yake, na anaifanya kwa fahari ambayo hajaribu kuificha. Mradi wa sajili ya kaya katika wilaya ya Rufiji una kompyuta kwenye vituo vinne: Kibiti, Ikwiriri, Mtunda na Salale. Humo huandikwa kila nyumba na watu wake, nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahama, na kwa orodha hiyo wakubwa wa afya hupanga chanjo na vyandarua. Programu yenyewe inatengenezwa Dar es Salaam. Kila linapotoka toleo jipya, Mwanaamina hungoja wiki tatu, kisha huzunguka vituo vyote kukusanya maoni ya makarani. Huyaandika, huyapeleka kwa watengenezaji, na wakishajibu huwarudishia makarani majibu.

Barua yake ya ajira inamwita "Msaidizi wa Maoni ya Watumiaji". Sokoni Kibiti wanamwita Mama Malalamiko.

"Wanadhani wananitania," anasema, akicheka mpaka mtandio unamteleza. "Hawajui kuwa wamenipandisha cheo."

Mwanaamina ana miaka 37, ni mjane na mama wa watoto wawili. Mshahara wake ni shilingi 95,000 kwa mwezi. Anasema haumtajirishi, ila unampa kusimama mbele ya watu bila kuinamisha kichwa, na hilo alilikosa kwa muda mrefu.

Kabla ya kompyuta alikuwa karani wa dirishani katika chama cha ushirika cha korosho. Wakulima walikuja na vilio vyao: mizani inapunja, daraja la korosho limeshushwa, gunia limepotea njiani. Yeye aliwasikia kupitia tundu la dirisha, akaandika kwenye kitabu, na saa tisa na nusu akafunga. Kitabu kile hakuna aliyekifungua.

Biashara ilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wakaanza kuingia vijijini na malori yao, wakulima hawakungoja kuambiwa mara mbili. Walikwenda kwa aliyewasikiliza, hata kama bei yake haikuwa ya kuringia. Chama kikayumba. Mwaka 1996 Mwanaamina alipunguzwa kazini pamoja na wenzake kumi na mmoja, akaenda kukaanga vitumbua Ikwiriri, mahali mabasi yanaposimama, kwa miaka mitano.

"Watu husema soko huria ndilo lililotuua," anasema. "Mimi nilikuwa dirishani, nasema nilichokiona. Tulikufa kwa masikio. Walipokuja wengine, sisi tulikuwa tumeshaoza."

Mradi ulipotangaza nafasi mwaka 2001, aliomba ukarani. Waliposoma kwamba amekaa miaka minane akiandika malalamiko, wakampa kazi ambayo hata wao hawakujua vizuri inafanywaje.

Naye, kusema kweli, hakuijua. Anakiri mwenyewe, na ndiyo sababu habari yake inafaa kuandikwa gazetini.

Mwezi Januari mwaka huu wa 2004 lilitoka toleo la nne. Lilikuja kwenye diski, likiwa na rangi nzuri na maandishi makubwa, na lilikuwa jepesi kuliko la tatu. Baada ya wiki tatu Mwanaamina alizunguka na fomu yake. Fomu ilikuwa na swali moja kubwa: "Je, kuna tatizo lolote katika toleo jipya?" Makarani wote wanne walijibu kwa namna moja. Hakuna. Tunashukuru. Karani wa Salale aliongeza dua.

Mwanaamina aliandika ripoti ya ukurasa mmoja, akatia saini tarehe 9 Februari: watumiaji wameridhika, hakuna tatizo lililoripotiwa. Dar es Salaam walifurahi. Naye alifurahi, akalala usingizi mnono.

Mwishoni mwa Machi alipanda tena kwenda Mtunda, safari hii kupeleka karatasi za kuchapia tu. Alimkuta Mzee Mrisho ameinamia daftari la shule, anaandika kwa mkono, na kompyuta iko wazi pembeni yake.

"Unaandika nini, mzee?"

"Watu wa bondeni."

"Si wamo humo kwenye kompyuta?"

"Walikuwemo," akajibu Mzee Mrisho kwa utulivu. "Hii mpya imewatoa."

Anayeijua Rufiji anajua kwamba mkulima wa huku ana kwake mara mbili. Ana nyumba juu, kijijini, yenye mlango na namba ya balozi wa nyumba kumi. Na ana dungu bondeni, kibanda kilichonyanyuliwa juu ya miti shambani mwa mpunga, ambako familia hushuka mvua zinapoanza na kukaa miezi mitano au sita kuwafukuza ndege, nguruwe na viboko. Mama hushuka, watoto hushuka, kuku hushuka. Hakuna anayesema amehama. Ameshuka tu, naye atapanda.

Toleo la tatu lilikuwa likiuliza: yupo au hayupo? Karani alijibu hayupo, na jina likabaki. Toleo la nne lilikuja na akili zaidi. Lilitaka kujua aliyeondoka amekwenda nyumba namba ngapi. Dungu halina namba. Basi karani alipoacha nafasi hiyo wazi, programu ilingoja siku kumi, kisha ikamhesabu mtu huyo kuwa amehama, ikamwondoa kwenye orodha.

Makarani waliona majina yanapungua, kila mmoja mahali pake, na kila mmoja akatafuta dawa yake kimya kimya. Mzee Mrisho alinunua daftari.

"Mbona hukuniambia mwezi wa pili?" Mwanaamina alimuuliza. Anasema sauti ilimtoka kali kuliko alivyokusudia, kwa mtu wa rika la baba yake.

Mzee Mrisho alivua miwani. "Mgeni kakuletea zawadi, umpokee kwa kumwambia ina tundu? Uliniuliza habari ya programu, nikasema njema. Wewe binti wa huku. Hata nyumba ya msiba ukimuuliza mtu habari, husema njema kwanza, ndipo akakwambia nani kafa. Mimi nilisema njema. Wewe hukungoja, ulifunga fomu ukaondoka."

Mwanaamina anasema maneno yale yalimwingia mpaka mfupani, kwa sababu yalikuwa kweli tupu. Amezaliwa Salale, amelelewa na bibi aliyekuwa akiitikia "njema" hata mguu ukiwa umevimba. Lakini alipopewa fomu ya mjini alianza kuuliza kama mtu wa mjini, na kusikia kama mtu wa mjini. Miaka yote aliwalaumu wakubwa wa ushirika kwa kuziba masikio, na sasa yeye ndiye aliyefunga dirisha.

Na haikuwa aibu tu. Tarehe 19 Aprili ilikuwa imepangwa kuanza kampeni ya chanjo ya surua kwa watoto chini ya miaka mitano. Kwa mara ya kwanza dozi zingegawiwa kwa kufuata orodha ya kompyuta, jina kwa jina, kwa kuwa makasha ya barafu ni machache na boti ya kwenda Salale haiwezi kubeba za ziada. Mtoto asiyekuwemo kwenye orodha hana dozi, na timu haina sababu ya kumfuata shambani.

Mwaka 2001 surua ilipita bondeni wakati wa palizi. Mwanaamina alimzika mtoto wa mdogo wake, wa kike, mwaka mmoja na miezi minne. Akilisimulia hili hanyanyui macho, na mwandishi hakumuuliza zaidi.

Siku zilizokuwa zimebaki ni ishirini na moja. Hakurudi na zile fomu. Alirudi vituo vyote vinne akiwa na chupa ya chai, akaamkia, akaambiwa njema, akakaa. Ikwiriri neno la pili lilichukua muda wa kumenya chungwa. Salale lilichukua mchana mzima, kwa sababu karani wa kule ana haya. Lakini kote lilikuja, na likija lilikuja na daftari, au karatasi zilizokunjwa chini ya kompyuta, au majina yaliyoandikwa nyuma ya kalenda. Alipoyajumlisha alipata watoto 431 waliofutwa. Salale peke yake walikuwa 188.

Alimpigia simu Damas Rutta, kijana wa miaka 29, mzaliwa wa Bukoba, aliyeiandika programu hiyo. Damas, ambaye amekubali kuyasimulia haya bila kujitetea, anakumbuka alivyomjibu.

"Nilimwambia, dada, toleo hili limepokewa vizuri. Nina ripoti mezani inasema hakuna tatizo. Imesainiwa na wewe mwenyewe."

Ilikuwa kweli. Mwanaamina alikata simu akakaa kitako. Kulikuwa na njia ya kuponyokea, naye haoni haya kusema kwamba aliifikiria: kuandika kwamba tatizo limezuka hivi karibuni, baada ya ripoti. Nani angejua? Mkataba wake ulikuwa unakwisha Juni, na karani aliyeripoti uongo, hata bila kukusudia, si mtu wa kuongezewa mkataba. Nyumbani ana mtoto wa kidato cha pili na mwingine darasa la sita.

"Nikajiambia, Mwanaamina, mficha maradhi kilio humuumbua. Na kilio hiki si changu, ni cha watu."

Barua aliyoiandika siku hiyo ina mistari minne, na nakala yake sasa imebandikwa ukutani ofisini kwake. "Ripoti yangu ya tarehe 9 Februari si sahihi. Makarani hawakukosea, nilikosea mimi kwa kuuliza vibaya. Toleo la nne limewafuta watoto 431 ambao wako hai na majina yao nimeyaambatanisha. Naomba mtengenezaji aje ayaone mwenyewe kabla ya tarehe 19 Aprili."

Jibu halikuja siku ya kwanza wala ya pili. Siku ya tatu alikuja Damas mwenyewe, kwa basi, na viatu vya ngozi.

"Vile viatu!" anasema Mwanaamina, na hawezi kuendelea kwa kicheko. "Nilimwambia vua, mdogo wangu, huko tuendako vitakufia."

Walishuka bondeni chini ya Mtunda, matope magotini, Damas amebeba begani orodha iliyochapwa na toleo lake. Mwendo wa saa moja na nusu wakafika dungu la Zena Mkumba, mwanamke wa miaka 26. Zena alikuwa akivuta kamba yenye makopo kufukuza ndege. Juu ya ngazi alikaa binti yake Muzdalifa, miaka miwili, akila ukoko wa wali mkavu kwa mikono miwili.

Walisalimiana. Njema, njema. Damas akafungua orodha akamtafuta Zena, hayumo. Akamtafuta Muzdalifa Shaban, hayumo. Akainua macho akamtazama yule hayumo, naye akamtazama, akaendelea kutafuna.

"Dada," Damas akauliza, "wewe unaishi wapi?"

"Kwangu."

"Kwako wapi? Hapa, au kule juu kijijini?"

Zena alimwangalia kama anayeulizwa ana mkono wa kulia au wa kushoto. "Kwangu kule, na kwangu hapa. Mpunga una miguu, kaka, unifuate mlimani?"

Damas aliikunja ile orodha. Alikaa kwenye ngazi ya chini, chini ya miguu ya Muzdalifa.

"Shuleni tulifundishwa mtu mmoja, nyumba moja," anasema leo. "Nilidhani hiyo ni kanuni ya dunia, kumbe ni kanuni ya mtaani kwetu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Niliuona usafi wa programu yangu, na usafi huo ndio uliowafagia watu."

Mwanaamina hakumkemea. Anasema haikuhitajika. Badala yake alimpeleka kwa Mzee Mrisho, wakakaa watatu mbele ya ile kompyuta siku mbili nzima. Mzee alieleza, Damas aliuliza, na Mwanaamina alimbana kila alipotaka kukimbilia jibu. Ndani ya siku tisa diski ya toleo la tano ilifika Kibiti. Ndani yake kila mtu anaweza kuwa na makazi mawili, na palipokuwa na namba ya nyumba sasa panakubali maneno: dungu la fulani, ng'ambo ya mkondo fulani. Majina 431 yakarudi, yakiingizwa moja moja kutoka kwenye madaftari ambayo makarani walikuwa wameyaonea haya.

Tarehe 19 Aprili timu za chanjo zilishuka. Boti ya Salale ilibeba makasha ya barafu yaliyotosha, ikapita kwenye mikondo katikati ya mikoko mpaka mashambani, mwuguzi akisoma kwenye orodha dungu la nani linafuata. Hadi kampeni inafungwa, watoto 418 kati ya wale 431 walikuwa wamechanjwa. Waliobaki kumi na watatu Mwanaamina anawajua kwa majina, na aliwafuatilia wote. Tisa walikutwa kisiwani Mafia na Dar es Salaam kwa ndugu, wakachanjiwa huko. Wanne wanaumwa hiki na kile, watachanjwa wakipona.

Muzdalifa alilia sana, kisha akampiga mwuguzi teke. Mama yake anahadithia kwa furaha, kama mtu anayesifia mahari.

Mkataba wa Mwanaamina uliongezwa miaka miwili. Bosi wake, Bi Devotha, alimwita ofisini kumkabidhi barua, na hakusema mengi. "Nimefanya kazi na watu wanaoripoti mafanikio miaka kumi na tano," alimwambia. "Wewe ndiye wa kwanza kuniletea kosa lako ukiwa umelifunga vizuri na majina yake." Mwanaamina anasema alifika nyumbani akafunga mlango akalia, kisha akapika pilau siku ya kazi, bila sikukuu.

Ile fomu yenye swali kubwa haitumiki tena. Siku hizi anamwomba karani aandikishe kaya moja mbele yake, naye anatazama tu: wapi mkono unasita, wapi mtu anaguna, wapi anachukua kalamu kuandika pembeni. Kero ya mtoto asiye na jina, aliyoisikia leo kwa Mzee Mrisho, itakuwa Dar es Salaam kesho kutwa. Kero zote za toleo la tano ni kumi na nne, na hazimtishi.

"Toleo la nne halikuwa na kero hata moja," anasema, "na lilitaka kuua watoto. Hizi kumi na nne ni uzima."

Sasa ana mpango mkubwa zaidi. Anataka maoni ya watumiaji yasingoje toleo litoke. Anataka watu wa huku wawe chumbani wakati toleo la sita linaandikwa, waseme mapema, kabla hakijaharibika kitu. Aliandika barua Dar es Salaam akieleza hivyo, na mwezi huu wakamjibu kwamba wazo ni jema, kikao kitakuwa tarehe 14 Juni, na nafasi moja ya mwakilishi wa watumiaji imetengwa kwa ajili yake.

Mwanaamina aliwashukuru, akaikataa. Aliandika kwamba yeye si mtumiaji, ni msikilizaji tu. Akaomba nafasi mbili badala ya moja: ya kwanza Mzee Mrisho Ngaukia, karani, ya pili Zena Mkumba, mkulima, ambaye hajawahi kugusa kompyuta lakini ndiye anayeandikwa ndani yake.

Kwa Zena habari ilipokewa kwa mashaka. Alisema Dar es Salaam atakwenda, hana ubaya nayo, lakini tarehe 14 Juni mpunga utakuwa unavunwa, na hakuna programu duniani ya kumfanya aache mpunga shambani. Mwanaamina aliyaandika maneno hayo kama yalivyo, bila kuyapaka sukari, akayatuma.

Jibu lilifika jana, kwa faksi, ofisini Kibiti. Mwanaamina analitoa mkobani na kulisoma kwa sauti, taratibu, Mzee Mrisho akiwa amesogeza kiti asikie. Nafasi zote mbili zimekubaliwa. Na mstari wa mwisho, chini ya mhuri, unasema: "Kikao cha toleo la sita kimeahirishwa hadi mpunga wa Rufiji utakapokwisha kuvunwa. Tafadhali Bi Zena atupangie tarehe."